Kikombe cha Mchele si Kikombe cha Wali

Saa nane mchana siku ya harusi, mpishi mkuu hufunua sufuria ya mwisho, akazamisha upawa, akasikia chuma kikigonga chuma. Kila aliyewahi kukaa katika kamati ya chakula anaifahamu sauti hiyo. Nje, chini ya turubai, wakwe wameketi kwa adabu, wamenawa mikono, na sahani zao bado ni tupu.

Ndugu msomaji, kisa hiki hakina mwenyewe mmoja. Kimetokea katika nyumba nyingi, na huenda hata yako. Kwa ajili ya mazungumzo yetu ya Jumapili hii, tukiweke Rungwe Mpya, katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma. Nyanda za juu za Kasulu na Kibondo ni nchi ya mahindi, mihogo, ndizi na maharage. Chakula cha kila siku ni ugali kwa maharage, au kwa dagaa waliopandishwa kutoka Ziwa Tanganyika na kuungwa kwa mawese. Mpunga nao hulimwa mabondeni, lakini katika nyumba nyingi wali bado ni chakula cha mgeni, cha sikukuu na cha harusi. Ndiyo maana ugali ukipungua ni njaa, lakini wali ukipungua ni njaa pamoja na aibu.

Tuseme basi kwamba kaka mkubwa wa familia hiyo ni mfanyakazi Dar es Salaam. Alipoambiwa kwamba wageni watakuwa 200, alikaa chini akapiga hesabu: kila mtu gramu 125 za mchele mkavu, jumla kilo 25. Akatuma fedha nyumbani pamoja na ujumbe: "Shikamoo mama. Nunueni kilo ishirini na tano, zinatosha." Hesabu yake ilikuwa sahihi.

Dada aliyetumwa sokoni naye alikuwa mwaminifu. Alikuta mchele ukiuzwa kwa kopo la lita moja, ambalo muuzaji na wanunuzi wote huliita "kilo". Akahesabu makopo 25, kila moja likiwa limefutwa vizuri juu kwa kijiti, akafunga gunia lake akarudi nyumbani. Hakuna aliyeiba, hakuna aliyedanganya. Hata hivyo, siku ya harusi watu zaidi ya 30 hawakupata wali. Je, chakula chao kilipotelea wapi?

LITA SI KILO

Kilipotelea katika neno moja. Sote tumezoea kusikia kwamba lita ni kilo, na aliyetufundisha hivyo hakukosea, maadam alikuwa akizungumzia maji. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lakini lita hupima nafasi, na kilo hupima uzito; na vitu vinavyojaza nafasi moja havilingani uzito.

Lita moja ya mchele mkavu, ukiwa umefutwa sawasawa na mdomo wa kopo, ina uzito wa gramu 830 hivi. Punje hazishikamani kama maji. Katikati yake mna hewa, na hewa hailiwi. Unga ni mwepesi zaidi kuliko mchele, na lita yake aghalabu hupita kidogo tu nusu kilo. Chumvi ni nzito, na lita yake hupita kilo. Kopo ni lile lile, lakini kila kitu kina uzito wake.

Sasa rudi kwenye gunia la dada yetu. Makopo 25 ya gramu 830 ni kilo 20 na robo tatu, wala si 25. Zimepungua kilo 4 na robo za mchele. Mchele huo ukipikwa ungetoa wali kilo 11 hivi, na kwa sahani ya gramu 325 ungeshibisha watu 34. Hao ndio waliokaa chini ya turubai na sahani tupu.

Jambo hili si la harusi peke yake. Katika Wilaya hiyo hiyo ya Kasulu imo kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi kutoka Kongo, na tangu mwaka 2015 ikapokea pia Warundi wengi. Mahali kama hapo, ambapo mgawo wa kila mtu huhesabiwa kwa gramu, watu wengi huweza kugawiwa kwa bakuli la kuchotea kuliko kwa mizani. Kanuni ya kazi hiyo ni kwamba bakuli hupimwa kwanza kwa chakula kile kile kitakachochotwa. Bakuli la maharage halifai kwa unga, na la unga halifai kwa mchele. Kosa la gramu 50 katika kila kilo ni nusu kilo katika kilo 10, na kwa mama mwenye watoto sita hilo si jambo dogo.

KIBABA CHA TELE, KIBABA CHA MFUTO

Wazee wetu wa pwani waliyajua haya kabla ya mizani kuenea madukani. Walipima nafaka kwa kibaba, na vibaba vinne vikawa pishi moja. Kibaba kilikadiriwa kuwa ratili moja na nusu, na pishi ratili sita. Kwa pishi hiyo Waislamu walitoa zaka ya fitri, na leo, wanapoitoa kwa mchele, wengi huikadiria kwa kilo mbili na nusu hivi.

Lakini wazee hawakusema "kibaba" wakanyamaza. Waliuliza: cha tele au cha mfuto? Kibaba cha tele ni kile kilichojazwa mpaka nafaka ikasimama juu kama kichuguu. Cha mfuto ni kile kilichofutwa kikalingana na ukingo. Kwa maneno hayo mawili walikwisha kutambua kwamba chombo bila namna ya kukijaza si kipimo.

Swali hilo lingali na maana sokoni leo. Chukua lile kopo la rangi la lita 4, ambalo katika mikoa ya kaskazini huitwa sado. Likiwa mfuto hubeba mchele kilo 3.3 hivi, likiwa tele laweza kufika kilo 3.7. Tuseme muuzaji mmoja auza kwa mizani, kilo shilingi 3,000, na mwingine auza kopo zima shilingi 10,500. Nani rahisi? Kopo likiwa mfuto, kilo imekugharimu shilingi 3,182, nawe umelanguliwa. Likiwa tele, kilo imekugharimu shilingi 2,838, nawe umepata nafuu. Bei ni ile ile na kopo ni lile lile. Kilichobadilika ni mkono wa muuzaji. Kisha tazama kama kopo limetikiswa. Mchele uliomiminwa polepole hukaa kwa kulegea. Ukiligonga kopo chini mara tatu, punje hujipanga na mchele hushuka. Tazama pia kitako, maana kopo lililobonyezwa ndani humpunja mnunuzi kila siku bila kusema neno.

Serikali ina Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, na miongoni mwa kazi zake ni kuhakiki mizani ya biashara. Kumwomba muuzaji akupimie kwa mizani iliyohakikiwa si ugomvi wala si dharau. Ni haki ya mnunuzi.

MPUNGA, MCHELE, WALI

Tuingie sasa jikoni, ambako hesabu huzidi kuwa ngumu, kwa kuwa chakula chenyewe hubadilika. Lugha yetu imetusaidia sana hapa. Kuna mataifa yanayotumia neno moja kwa shamba, ghala na sahani. Sisi tuna matatu: mpunga, mchele na wali. Kila neno lina kipimo chake, na mwenye kuyachanganya huchanganya pia hesabu.

Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa mchele kilo 65 hivi. Zilizobaki ni makapi na pumba. Hapo chakula hupungua uzito. Jikoni hutokea kinyume chake: mchele hunywa maji ukaongezeka. Kilo moja ya mchele hutoa wali wa kilo mbili na nusu hadi kilo mbili na gramu 800, kwa kadiri ya maji uliyotia na mvuke uliotoka. Kwa ujazo, lita moja ya mchele hutoa lita tatu za wali, au pungufu kidogo.

Sasa angalia mtego. Chukua bilauri ya robo lita. Ukiijaza mchele mkavu, utapata gramu 200 na kidogo. Ukiijaza wali, utapata gramu 160 ukiwa umelegea, au 200 ukiwa umeshindiliwa. Kwa mkono, bilauri hizi mbili zakaribia kulingana uzito, na mtu husema, "Kikombe ni kikombe." La hasha! Ya kwanza ni mchele mtupu. Ya pili, kwa sehemu kubwa, ni maji yaliyojificha ndani ya punje. Bilauri moja ya mchele ni bilauri tatu za wali. Anayenunua kwa hesabu ya wali akidhani ni ya mchele, ataleta chakula mara tatu ya kilichotakiwa. Na anayefanya kinyume ataleta theluthi.

Kwa mgonjwa wa kisukari kosa hili si la aibu tu, bali ni la afya. Gramu 100 za mchele mkavu zina wanga gramu 80 hivi. Gramu 100 za wali zina wanga gramu 28 hivi. Mtu aliyeelekezwa kula gramu 150 za wali, akapima gramu 150 za mchele kabla ya kupika na kula wote, amekula wanga gramu 120 badala ya 42. Kwa hiyo anayeandikiwa kipimo hospitali na aulize swali moja kabla ya kuondoka: "Daktari, gramu hizi ni za mchele au za wali?" Wali wa gramu 150, ukiwa haukushindiliwa, hukaribia kuijaza bilauri ya robo lita bila kufika ukingoni.

Kuna mambo mengine yanayougeuza wali. Mchele wa mavuno mapya hunywa maji kidogo na kushikamana; uliokaa ghalani miezi kadhaa hunywa mengi na kuvimba zaidi. Nchi nayo ina neno lake. Dar es Salaam, kando ya bahari, maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Katika nyanda za juu za Kasulu, ambako mahali pengi hupita mita 1,200, huchemka karibu na nyuzi 96. Maji yanatokota kwa kishindo kile kile, lakini hayana moto ule ule. Hivyo wali huchukua muda zaidi, mvuke zaidi hutoka, na mpishi aliyezoea pwani hushangaa kuona maji yamekauka na punje ingali na kiini. Asilaumu mchele. Aongeze maji kidogo, afunike vizuri, apunguze moto na kungoja.

MIZANI YA KIJITI

Utaniuliza, ndugu msomaji: haya yote yanataka mizani, na nyumbani sina mizani; nifanyeje? Jibu ni kwamba wahitaji kupima kwa uzito mara moja tu; baada ya hapo kikombe chako kitakutosha.

Tafuta kijiti kilichonyooka, urefu wa mkono hivi, ukitundike kwa uzi uliofungwa katikati mpaka kilale sawasawa. Tafuta chupa mbili tupu za plastiki zinazofanana kabisa, za lita moja na nusu, uzitundike moja kila ncha, kwa umbali ulio sawa kutoka katikati. Kijiti kikiinama upande mmoja, sogeza uzi kidogo mpaka kilingane. Kisha nunua maji ya chupa ya nusu lita, uyamimine yote katika chupa moja. Hiyo ndiyo nusu kilo yako. Katika chupa ya pili mimina mchele mkavu polepole, kwa karatasi iliyokunjwa kama faneli, mpaka kijiti kirudi kulala sawasawa. Mchele huo ni nusu kilo, wala hukuhitaji duka la mizani.

Mimina mchele huo katika bilauri au kopo unalotumia kila siku, mfuto, na uhesabu. Kwa bilauri ya robo lita utapata mbili na nusu pungufu kidogo. Maana yake, kilo moja ni bilauri tano pungufu kidogo. Kikombe chako kikiwa kikubwa au kidogo zaidi, hesabu itakuwa nyingine, na hiyo ndiyo ya kuandika. Ifanye alama kwa msumari ubavuni mwa kopo, au iandike ukutani jikoni, ili mtoto anayepika ukiwa kazini naye aijue.

Kisha upike mchele huo huo kama kawaida yako. Ukiiva, upime wali kwa kopo lile lile bila kushindilia. Sasa unazo namba mbili ambazo hakuna kitabu kinachoweza kukupa, kwa kuwa ni za kikombe chako, sufuria yako, moto wako na mchele wako. Familia inayotupa wali kila asubuhi itaona inapika bilauri moja zaidi kila siku. Bilauri moja kwa siku ni gramu 200. Kwa mwezi ni kilo 6. Hebu zidisha kilo 6 kwa bei ya mchele dukani kwenu, uone ni kiasi gani cha mshahara kinachokwenda jaani.

HESABU YA HARUSI

Turudi Rungwe Mpya, tuipange harusi upya. Wageni 200 kwa gramu 125 ni kilo 25 za mchele. Kama sokoni hakuna mizani ila kopo la lita moja, gawa kilo 25 kwa 0.83: yatakiwa makopo 30 ya mfuto. Ongeza mawili kwa ajili ya ukoko na wageni wasioalikwa, maana harusi isiyo na wageni wa namna hiyo bado haijaonekana.

Kilo 25 hizo zitatoa wali kilo 64 au 65, yaani lita 80 na kidogo. Hapo kamati inajua jambo la pili: sufuria moja ya lita 60 haitoshi hata ikitiwa moto wa namna gani. Zahitajika mbili, ili wali upate nafasi ya kuvimba. Na jambo la tatu: ndoo moja ya lita 20 iliyojaa wali ina kilo 16 hivi, nayo ni ya watu 50. Ndoo nne ni watu 200. Mpishi asiyetaka kusoma gramu anaweza kuukumbuka wimbo huo mfupi: ndoo moja, watu hamsini.

Limebaki jambo moja, nalo si la mizani bali la mkono. Hata kilo 25 kamili zaweza kwisha kabla ya wageni, ikiwa mia wa kwanza wamepakuliwa tele na mia wa mwisho wakangoja mfuto. Kamati yenye busara humpa kila mpakuaji bakuli moja la namna moja, hupakua sahani ya kwanza mbele ya wote kuwa mfano, na wenye hamu ya nyongeza husubiri mpaka mtu wa mwisho amepata. Hiyo ni hesabu, na pia ni usawa. Mzee aliyefika mwisho kwa sababu alitembea kwa miguu kutoka kijiji cha mbali hastahili kuadhibiwa kwa kuchelewa kwake.

Mwaka 1975 nchi yetu iliendesha kwa redio kampeni iliyoitwa Chakula ni Uhai, na wananchi walikusanyika kwa vikundi, mijini na vijijini, wakisikiliza na kujadiliana juu ya kile wanachokula. Somo lile halikuhitaji vyombo vya ghali. Lilihitaji watu wa kuketi pamoja na kuulizana. La leo ni dogo zaidi. Wewe uliye kazini mjini, siku utakapotuma fedha za mchele nyumbani, usiseme tu "kilo 25". Uliza: "Mama, huko mnapima kwa mizani au kwa kopo? Na kopo lenyewe ni la tele au la mfuto?" Swali hilo halichukui hata dakika moja ya simu, nalo ni sahani 34 chini ya turubai.